Mshono wa Upande wa Dereva

Jumamosi ile gari lilifika uwanjani kabla ya watu. Chuma alikuwa ameliegesha katikati, pale anapoweka kitu anachotaka kitazamwe, akalifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Lilikuwa gari dogo la kijivu, milango minne ubavuni na wa tano nyuma, ule unaoinuka juu pamoja na kioo chake. Tairi zake zilikuwa pana, zimejaa chini ya bodi kama miguu ya mtu aliyechutama tayari kutimka. Pale uwanjani magari ya namna hiyo waliyaita mkia-mfupi. Anayenunua mkia-mfupi hatafuti pa kupakia magunia. Anataka kuisikia barabara chini ya unyayo.

Mama Viti alilitazama kupitia mlango wa chumba chake, mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani. Ndilo hilo basi, alisema moyoni, akamwomba Mungu kwa maneno machache, kama ilivyo desturi yake, kwamba kama gari lina heri liende, na kama lina shari lijulikane mapema. Ombi la namna hiyo mtu huliomba haraka, hajui litajibiwa kwa mkono wa nani.

Alikuwa fundi wa viti vya magari. Ngozi ikipasuka, sponji ikilala, kitambaa kikichakaa, kiti kililetwa kwake. Sifa yake ilikuwa uzi. Wengine walishona kwa uzi wa nguo. Yeye alishona kwa nailoni, mara mbili, na mwisho wa kila mshono alirudi nyuma mishono mitatu, akafunga fundo kwa ndani na kuliunguza kwa kiberiti lisifumuke. Wateja walisema mshono wa Mama Viti hauachii hata ukivutwa na ng'ombe wawili. Naye hakujikweza kwa hilo, ila hakukanusha.

Jina la Mama Viti lilimganda tu, maana mtoto wa kumzaa hakujaliwa. Aliyekuwa naye ni binti wa marehemu kaka yake. Alimchukua akiwa na miaka saba, meno ya mbele hayapo, akamlea na kumsomesha mpaka akawa nesi. Sasa Nesi alikuwa amehamishiwa zahanati iliyo upande wa pili wa vilima, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, barabara ya kona tupu. Ndiye aliyekuwa anakuja kununua mkia-mfupi leo.

Uwanja wote ulikuwa mali ya Chuma: gereji, banda la kuoshea magari, na vyumba viwili vya kupangisha, kimoja stoo yake, kingine cha Mama Viti. Enzi zake Chuma alishindana mbio za magari, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu refu la kumthibitishia asiyeamini. Kila Jumamosi asubuhi wapenda magari walikusanyika kwake kunywa chai na kubishana. Na walikuwa na sheria yao: mwenye kadi ndiye mwenye kauli. Maana yake, kama hujawahi kuwa na kadi ya gari yenye jina lako, kaa, kunywa chai, cheka wakicheka wenzako, lakini gari likikaguliwa huna neno. Mmoja wao akitaka kununua, gari liliwekwa katikati, wenye kadi wakalizunguka, kisha kila mmoja akaweka kiganja juu ya boneti na kusema, "Nalipokea," au, "Nalikataa." Muuzaji haweki mkono. Likipokewa, mnunuzi analipa bila wasiwasi, na tangu siku hiyo naye anakuwa mwenye kauli.

Nesi alikuwa amekaa miaka miwili juu ya tairi kuukuu, bila kauli. Sikio lake lilikuwa kali kuliko la wanaume wale. Kuna siku alisema pampu ya maji ya gari la Dobi inakufa, anaisikia ikikoroma. Chuma akamuuliza, "Kadi yako iko wapi, dada?" Watu wakacheka. Wiki iliyofuata Dobi alikwama njiani, boneti inatoa mvuke, na Jumamosi yake hakuna aliyekumbushia.

Basi saa tatu wakawa wametimia. Dobi, mwenye duka la kufulia nguo, mnene, mwepesi wa utani. Mwalimu wa hesabu, aliyeongea kidogo. Hao ndio wenye kadi, ukimwacha Chuma mwenyewe. Wa nne alikuwa Maktaba, karani wa stoo ya duka la vipuri, aliyekuja kwa baiskeli. Maktaba alikuwa amesoma kila kitabu cha ufundi kilichopita mikononi mwake na alijua namba ya kila nati, lakini gari hakuwahi kuwa nalo.

"Haya, tazameni," Chuma alisema, akafungua boneti. "Injini ina tabo, ile feni yake ya kuipulizia pumzi. Gia za mkono, sita. Mwenye nalo wa kwanza ni bibi mmoja aliyekuwa anakwenda nalo sokoni na kurudi. Halijagongwa. Halijakwaruzwa. Halijaguswa."

"Hao mabibi wa kwenda sokoni," Dobi alisema, "wangekuwa wengi kama wanavyotajwa na wauza magari, tusingepata pa kukanyaga huko sokoni."

Walicheka. Maktaba hakucheka. Alitoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi, akaanza kuipitisha ubavuni mwa gari. Iling'ang'ania bodi mlango wa nyuma, ikang'ang'ania mlango wa mbele, halafu ilipofika kwenye nguzo kati ya milango miwili, upande wa dereva, ikaning'inia tu.

"Hapa hakuna bati," alisema. "Hapa pamejazwa puti, rangi ikapigwa juu."

"Limekwaruzwa na geti la bibi."

"Ulisema halijakwaruzwa."

Chuma alitabasamu, akamgeukia polepole kama mtu anayegeuza gari kubwa mahali pembamba.

"Maktaba, ndugu yangu. Umewahi kuendesha gari kona ya kulia, mwendo wa mia na ishirini, tairi la nyuma likakukimbia?"

"Sijawahi."

"Umewahi hata kulipaki?"

"Sijawahi. Ila puti ni puti."

"Mimi nimepindua magari mawili nikatoka nikitembea. Wewe umepindua kurasa. Sasa nani anajua gari?"

Dobi alicheka mpaka chai ikamwagika. Hata Nesi, juu ya tairi lake, alitabasamu, na Mama Viti, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na mkasi mkononi, aliliona tabasamu hilo na halikumpendeza. Mtoto aliyechekwa miaka miwili hakupaswa kuchekelea anayechekwa. Lakini alimwelewa. Mtu akiwa hatua moja tu kuingia ndani, hapendi kusimama karibu na aliyefungiwa nje.

Maktaba alikuwa kama jiwe la mtoni, maneno yanampita. Aliingia kiti cha dereva, akazungusha ufunguo nusu. Taa za dashibodi zikawaka, kisha zikazima moja moja.

"Kuna taa moja haikuwaka kabisa," alisema. "Ya mifuko ya hewa. Inatakiwa iwake, halafu izime. Isipowaka, ama balbu imekufa ama mtu ameiondoa."

"Balbu," alisema Chuma. "Gari lina miaka kumi na moja. Wewe mwenyewe una balbu ngapi zimekufa?"

"Na kwenye aina hii mfuko mmoja hauko kwenye usukani. Uko ndani ya kiti, hapa ubavuni, upande wa mlango. Ukigongwa ubavuni, mfuko unapasua mshono wa kiti na kutoka, unakaa kati ya mbavu zako na mlango. Ndiyo maana kiwandani mshono huu mmoja wanaushona kwa uzi dhaifu makusudi, ili uachie. Wanaweka na kilebo kidogo."

Alipapasa ubavu wa kiti, akatafuta. "Kilebo hapa hakipo," alisema.

Mkasi ulimtoka Mama Viti mkononi ukaanguka sakafuni.

Hakuna aliyegeuka. Aliinama kuuokota, na alipoinama alibaki ameinama, akikumbuka. Miezi minne iliyopita Chuma alimletea kiti cha dereva begani, kiti peke yake, gari hakuliona. Ubavu wake ulikuwa umefumuka tangu juu mpaka chini. Chuma alisema kimenasa kwenye chuma wakati wa kukishusha. Ndani ya sponji palikuwa na shimo la ukubwa wa mkate, tupu, na waya wa njano uliokatwa. Yeye akadhani panya, au sponji imeoza. Alikata kipande cha godoro kuukuu, sponji ya rangi ya waridi, akalijaza shimo vizuri, akashona ubavu ule kwa nailoni mara mbili. Palikuwa na kilebo chenye maandishi ya kigeni kilichokuwa kinamzuia kupitisha sindano. Alikikata akakitupa. Alikuwa ameishia darasa la saba, na maandishi ya kigeni kwake yalikuwa kama mapambo tu.

Kiti chenyewe kilikuwa cha kijivu, mistari myeusi.

Alisogea hatua mbili nje ya mlango, akatazama. Viti vya gari lile vilikuwa vya kijivu, mistari myeusi.

Viti vinafanana, alijiambia. Kiwanda hakitengenezi kimoja. Akashikilia neno hilo kwa nguvu zote.

"Anayenunua aendeshe," Chuma alisema. "Tusibishane na baiskeli. Kuna daktari anakuja kulichukua saa sita, mimi nimempa Nesi nafasi ya kwanza kwa heshima ya shangazi yake. Mpangaji wangu wa miaka kumi na sita."

"Na mimi naenda," Mama Viti alisema.

Wote wakamtazama. Hakuwahi kupanda gari la kujaribiwa.

"Shangazi, utatapika," alisema Nesi.

"Nitatapika kwenye kiti. Nitakishona mwenyewe."

Dobi akacheka. Mama Viti akaingia nyuma ya dereva, Chuma akakaa mbele karibu na Nesi, wakatoka.

Mtoto alikuwa anajua. Alipandisha gia bila gari kushtuka, na walipofika barabara ya kilimani, injini ikavuta pumzi, gari likasukuma migongo yao kwenye viti. Mama Viti alimwona usoni kupitia kioo. Uso ule alikuwa hajauona tangu siku ya matokeo ya chuo. Naye huku nyuma alikuwa amepitisha mkono wake wa kulia kwenye upenyo kati ya kiti cha dereva na mlango, vidole vinatambaa juu ya mshono kama vya mtu asiyeona.

Uzi mnene. Mara mbili. Alishuka nao mpaka chini, akahesabu kwa ukucha: mshono mmoja kurudi, wa pili, wa tatu. Kisha kidonge kigumu chini ya ngozi, fundo lililounguzwa.

Hakuna mtu mwingine aliyemaliza hivyo. Alijifundisha mwenyewe.

"Kona hiyo ichukue kwa gia ya tatu," Chuma alikuwa anamwambia Nesi. "Usiogope. Kanyaga."

Sema sasa, Mama Viti alijiambia. Na mdomo ukakataa. Aliona cherehani zake mbili nzito, na chumba, na mlango ambao kila mteja aliujua. Akaona umri wake. Aliona pia sura ya mtu anayesema mbele ya watu, mimi ndiye niliyefunika. Gari likaingia kona, likalala upande, ukingo wa barabara ukapita karibu na ubavu wa mtoto wake. Kati ya ubavu ule na bati hapakuwa na kitu ila kipande cha godoro. Alifumba macho. Kona ikaisha. Hakusema.

Waliporudi uwanjani, Nesi alishuka akicheka peke yake. "Nalitaka," alisema.

"Wenye kadi," alisema Chuma.

Dobi aliweka kiganja juu ya boneti, akajifanya ameungua, kisha akasema, "Nalipokea."

Mwalimu alizunguka gari mara moja zaidi, akasimama kwenye ile nguzo yenye puti, akaikwaruza kwa ukucha. Alitaka kuuliza kitu. Mama Viti akaona huo ndio mwanya, akamshika Nesi mkono na kumvuta mpaka ukutani.

"Mwanangu, gari hili liache."

"Kwa nini?"

"Liache tu. Moyo wangu umelikataa."

"Shangazi." Nesi alishusha sauti. "Umeota ndoto?"

"Sikuota. Nakuomba. Utapata lingine."

"Nimekaa kwenye tairi miaka miwili. Leo watu wanaweka mkono kwa ajili yangu, wewe unaniletea moyo? Nikawaambie nini, moyo wa shangazi hauna kadi lakini una kauli? Watanicheka mpaka nizeeke." Alimtazama vizuri usoni, kama anavyotazama mgonjwa. "Kuna kitu unakijua?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema, kwa sauti ndogo, ukutani, wawili tu. Nusu ya ukweli ilikuwa tayari imemfika kooni. Akaona wazi kwamba nusu haitatosha. Nesi ataondoka na gari litabaki, na saa sita daktari atalipata, naye ana mbavu kama watu wengine.

Alimwachia Nesi mkono, akatembea hadi kwenye gari.

"Mwalimu, usiweke mkono," alisema.

Chuma aliinua macho. "Mama Viti, sheria unaijua."

"Naijua. Sina kadi. Kiti hiki cha dereva nimekishona mimi. Mwezi wa nne sasa. Kililetwa ubavu umefumuka."

"Viti vinachakaa," alisema Chuma. "Si ndiyo kazi yako?"

"Hakikuchakaa. Kilipasuliwa kwa ndani. Alivyosema Maktaba. Mfuko ulishatoka, gari lilishagongwa hapo kwenye puti. Ndani hamna mfuko tena."

Maktaba aliweka kikombe chake chini taratibu. Dobi alikuwa bado na mkono juu ya boneti.

"Mnasikia," Chuma alisema, akiwageukia wenzake bila kupandisha sauti. "Aliyesoma vitabu amesema, na asiyesoma ameshadakia. Mama, wewe usukani hujawahi kuushika. Unajuaje kilichomo ndani ya gari langu?"

"Kilichomo nilikitia mimi. Mkifumua hapo mtakuta sponji ya godoro, rangi ya waridi, ukubwa wa mkate. Nyuma yake kuna waya wa njano, umekatwa. Nasema kabla hamjafumua."

Akatoa kisu chake kidogo cha kufumulia kwenye mfuko wa aproni.

Chuma alikuja akasimama kati yake na mlango wa gari. Kwa karibu alikuwa mkubwa sana.

"Ukigusa kiti hicho," alisema polepole, "saa sita nataka chumba changu. Kitupu."

Mama Viti alitazama lile kovu mkononi mwake. Alikuwa akimheshimu. Siku paa la chumba lilipovuja, mtu huyu alipanda mwenyewe juu akaliziba.

"Nimesikia," alisema. "Nipishe, baba."

Hakumpisha. Aliyempisha ni Mwalimu, aliyekwenda upande wa pili, akafungua mlango wa abiria, akavuta kishikio cha chini ya kiti, na kukisukuma kiti cha dereva nyuma mpaka mwisho. Ubavu wake ukajitokeza kwenye mlango wa nyuma, ambao hakuna aliyekuwa ameuziba. Mama Viti akaufungua, akapiga goti, akaanza kukata.

Uzi ulikuwa mgumu. Alilazimika kuukata mshono mmoja mmoja, na kila aliokata aliukumbuka. Watu walisikia ule mlio mdogo, ti, ti, ti. Kisha ngozi ikaachia, akaingiza vidole viwili, akavuta. Kikatoka kipande cha sponji cha rangi ya waridi, kimebanwa, bado na mstari wa kitambaa cha godoro pembeni. Maktaba aliinama na tochi ya simu.

"Waya wa njano," alisema. "Umekatwa kwa koleo."

Dobi aliondoa mkono kwenye boneti, akaufuta kwenye suruali.

"Niliuziwa hivyo hivyo," Chuma alisema.

"Ulikileta begani," alisema Mama Viti. "Kikiwa wazi. Ukaniambia kimenasa."

Chuma alitazama kila mmoja kwa zamu, akitafuta aliyekuwa anacheka, hakumpata. Akachukua ufunguo wa gari, akautia mfukoni. "Saa sita," alisema, akaingia gereji yake na kufunga mlango.

Nesi alikuwa hajasogea kutoka ukutani. Mama Viti alikwenda kwake na ile sponji mkononi, hajui aiweke wapi.

"Ulijua lini?" Nesi aliuliza.

"Kabla hatujaondoka nilishuku. Kilimani nikapapasa mshono, nikajua."

"Kabla ya ile kona au baada?"

Mama Viti angeweza kusema baada. Nani angempinga.

"Kabla."

Nesi aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayeandika jambo. Akatengeneza mkoba wake begani, akatembea kuelekea getini bila kuaga. Shangazi yake hakumwita.

Aligeuka kwenda kufunga cherehani zake, na hapo akamkuta Mwalimu amesimama mlangoni pa chumba, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Mama Viti. Viti vyangu. Ulivivalisha ngozi mpya mwaka juzi, vyote."

"Ndiyo."

"Gari langu ni aina ile ile, ila la zamani kidogo. Mifuko yake ipo, halijagongwa hata siku moja." Aligeuka kulitazama lile gari la kijivu. "Ule mshono wa ubavuni. Ulitumia uzi gani?"

Aliona swali linakuja tangu mbali, na lilipofika lilimkuta hana pa kukimbilia. Huyu hakumletea kiti cha uongo. Huyu alileta viti vizima, na yeye, kwa uaminifu wote, kwa kujali, kwa sifa yake ile, aliufunga mfuko ndani kama mtoto kwenye kabati. Ukilipuka hautapata pa kutokea.

"Nailoni," alisema. "Mara mbili."

"Siku hizi analiendesha mke wangu."

"Yuko wapi sasa?"

"Sokoni. Anakuja kunichukua."

"Mpigie simu. Mwambie aliache alipo, tutamfuata."

Mwalimu alitoa simu, akasogea pembeni. Mama Viti akamgeukia Maktaba, aliyekuwa amewafuata na tochi yake. "Wewe unayejua. Uzi wa kiwandani unapatikana?"

"Uzi unaagizwa. Lakini kushona peke yake hakutoshi, kuna namna yake, na vipimo. Kwa leo tufumue tu. Bora kiti kiwe wazi kuliko kufungwa."

"Na wengine?"

"Wapo wangapi?"

Viti vya miaka kumi na sita vilianza kumpita Mama Viti machoni, vyekundu, vyeusi, vya familia, vya vijana. Vingi vilikuwa vya magari ya kale yasiyo na mifuko, hivyo havikuwa na neno. Lakini vingine. Ndani ya gereji Chuma alikuwa anagonga kitu kwa nyundo, pigo zito lisilo na kazi. Ilikuwa saa tano na robo.

Alipoingia chumbani alikuta mtu ndani. Nesi alikuwa amerudi kwa mlango wa nyuma, amefunga mkoba kiunoni, anaifungua cherehani kubwa kutoka kwenye meza yake. Macho yake yalikuwa mekundu na hakumtazama shangazi yake.

"Hapa kinatangulia nini?" aliuliza. "Kichwa au meza?"

"Iache kwanza."

"Saa sita si mbali."

"Iache, mwanangu. Chuma akitaka ataitoa nje, haitaumia." Mama Viti alifungua droo, akatoa kisu cha pili na daftari la vipimo vya wateja, akampa daftari. "Kaa hapo uandike. Nitakutajia jina na gari, Maktaba atasema kama lina mfuko ubavuni au halina. Lenye mfuko litie alama. Tunaanza na mke wa Mwalimu, halafu yule fundi cherehani wa stendi mwenye watoto pacha."

Nesi alikaa kwenye kiti cha kushonea, akafungua ukurasa mtupu.

"Pacha wana umri gani?" aliuliza.

"Miaka minne," shangazi yake alisema. "Andika."